Cheche Mkononi

Neno kiberiti liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka ni jina la salfa: yale madini ya njano ambayo yakiwashwa huungua kwa ndimi za samawati na kutoa moshi wa kukaba koo. Shura na baruti nayo ni maneno yaliyovuka bahari. Kwa hiyo mtoto wa pwani anapokwaruza kijiti gizani, ulimi wake umekwisha kurithi msamiati wa watu waliouchezea moto karne nyingi kabla yake. Kichwani mwa kijiti kile mna salfa na chumvi iliyosheheni oksijeni. Ubavuni mwa kikasha mna fosforasi nyekundu. Kila kimoja, kikiwa peke yake, kimetulia tuli. Vikisuguana kidogo tu, giza linapasuka.

Kijiti cha kwanza mtoto hukiwasha kwa sababu ametumwa: taa imezimika, au mama yuko jikoni anamngoja. Kinachostahili kuulizwa ni kijiti cha pili, kile anachokiwasha nyuma ya nyumba wakati hapana taa wala jiko linalomhitaji. Wengi huishia hapo, aghalabu kwa sababu ya kofi. Wachache hawaishii. Hao hukua wakiwa na chupa zenye vibandiko, vidole vyenye madoa, na majirani wanaolalamikia harufu. Watu huwadhania kuwa wanapenda kuharibu vitu. Dhana hiyo ni nyepesi mno, na mmoja wa waliotuachia ushahidi mzuri wa wepesi wake ni daktari wa mishipa ya fahamu, Oliver Sacks, katika kitabu cha utoto wake, Uncle Tungsten, kilichotoka mwaka 2001.

Sacks alizaliwa London tarehe 9 Julai 1933, baba na mama wote madaktari. Vita vilipozuka mwaka 1939, naye ana umri wa miaka sita, alipelekwa pamoja na kaka yake Michael kwenye shule ya bweni, mbali na mabomu yaliyotazamiwa kuuangukia mji mkuu. Mabomu waliyakwepa, fimbo hawakuzikwepa. Chakula kilikuwa haba, mkuu wa shule alikuwa mtu wa kupiga, na wazazi walikuja kuwatazama kwa nadra. Mtoto yule alijifunza mapema kwamba watu wazima wanaweza kuahidi jambo, kisha likawa jingine. Faraja yake ikawa namba, hasa zile namba tasa zisizogawika, kwa kuwa namba hailali na tabia moja ikaamka na nyingine.

Aliporudi nyumbani mwaka 1943, akiwa na miaka kumi, alimkuta mjomba wake Dave. Mjomba huyu alikuwa mwenye kiwanda cha globu za umeme, zile zenye uzi mwembamba wa tangsteni ndani yake, na unga mweusi wa madini hayo ulikuwa umejipenyeza katika mikunjo ya vidole vyake hata sabuni haikuweza kuutoa. Alimpa mpwa wake pande la tangsteni alishike. Uzito wake ulimshtua mtoto: dogo la kuenea kiganjani, lakini zito kupita risasi. Kutoka siku zile mjomba akapata jina jipya, na mpwa akapata jambo la kuishi kwalo.

Nyumbani kwao palikuwa na chumba cha nyuma ambacho mlango wake ulifungukia bustanini. Akakifanya maabara. Kitu kilipoanza kuwaka au kufoka kuliko alivyokusudia, alikikimbiza nje na kukitupa kwenye majani, na haukupita muda bustani ikawa na mabaka meusi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba wazazi hawakumkataza. Harufu ilipozidi, walichotaka ni lijengwe kabati la kuutoa moshi nje. Kemikali alizinunua dukani kwa pesa zake za mfukoni, nyingine zikiwa sumu ambazo leo hapana muuzaji angethubutu kumpa mtoto. Siku moja yeye na rafiki zake wawili walichukua pande la sodiamu lenye uzito wa ratili tatu wakalitupa katika bwawa la Highgate. Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu, na haipatani na maji. Pande lile liliwaka kwa mwanga wa njano, likawa linazungukazunguka juu ya maji kama kimondo kilichopotea njia. Kitendo hicho hakifai kusifiwa. Lakini yeyote aliyewahi kuwatazama watoto ufukweni, wameduwaa mbele ya moto wa makuti uliowashinda, atakuwa anaujua ukimya uliowapata wale watatu.

Hata hivyo, moto wa bwawani ndio sehemu nyepesi ya kisa. Sehemu nzito ni ya Michael. Shule ile ilimvunja zaidi kuliko mdogo wake, na alipofikia miaka kumi na mitano akili yake iliyumba, akawa anasikia na kuona yasiyosikika wala kuonekana na wengine. Sacks ameandika bila kujificha kwamba alimhofia kaka yake, na pia alihofu kwamba maradhi yale yangemfika yeye. Akajifungia maabara. Upande mmoja wa ukuta palikuwa na ndugu ambaye hapana aliyejua ataamkaje kesho. Upande wa pili palikuwa na chupa ambazo zilichokifanya jana ndicho zitakachokifanya leo. Sodiamu haimpendi mtu wala haimchukii. Ikitiwa majini, itawaka, akiwa aliyeitia ni mwema au mwovu, mkubwa au mdogo. Kwa mtoto aliyekwisha kudanganywa na walio hai, huo ni uaminifu wa aina ya pekee, na hapana shaka ndio unaowavuta wengi wanaoitwa wapenda moto. Wanakwenda kuuliza swali mahali ambapo jibu halina upendeleo.

Mwaka 1945 Makumbusho ya Sayansi ya London yalifunguliwa tena, na humo ukutani palikuwa na jedwali kubwa la elementi, kila elementi na kisanduku chake, nyingi zikiwa zimewekwa zenyewe ndani. Kijana alilitazama asiondoke. Usiku ule hakupata usingizi. Ulimwengu aliokuwa akiujua kwa vipande, mlipuko huu na harufu ile, ulikuwa umepangwa kwa safu, kila kitu mahali pake, na hata nafasi zilizowahi kuachwa wazi ziliachwa kwa kujua nini kitakuja kuzijaza.

Shujaa wake alikuwa Humphry Davy, na wapenzi wa ushairi wana sababu yao ya kumpenda Davy. Alizaliwa mwaka 1778, akaandika mashairi kabla ya kuwa maarufu, akawa rafiki wa Coleridge, na ndiye aliyeombwa kuzipitia kurasa za toleo la pili la Lyrical Ballads la mwaka 1800 kabla ya kuchapwa, kwa kuwa Wordsworth hakuziamini nukta na mikato yake mwenyewe. Coleridge alihudhuria mihadhara ya Davy London, na inasimuliwa kwamba alisema huenda huko kuongeza akiba yake ya tamathali. Mwezi Oktoba 1807 Davy alipitisha umeme katika potashi iliyoyeyuka, zikatokea punje za metali zinazong'aa kama zebaki, baadhi zikalipuka na kuwaka papo hapo. Binamu yake, aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia kwamba alianza kurukaruka chumbani kwa furaha. Mwanamume wa miaka ishirini na minane, profesa, anacheza peke yake kwa sababu ya punje ndogo kama mbegu ya ufuta! Miaka mitano baadaye mchanganyiko mwingine ulimlipukia usoni na kumuumiza jicho, akawa anahitaji mtu wa kumwandikia. Aliyepatikana alikuwa kijana mfunga vitabu, jina lake Michael Faraday.

Jicho lile linapaswa kukumbukwa, kwani wanaousifu mchezo huu hupenda kulisahau. Mwaka 1788, huko Essonnes karibu na Paris, Wafaransa walijaribu kutengeneza baruti mpya kwa kutumia chumvi iliyogunduliwa na Berthollet, potasiamu kloreti, badala ya shura. Lavoisier na mkewe walikuwepo kushuhudia. Walisogea kando kidogo, na waliorudi kwenye kinu kabla yao, watu wawili, walikufa kwa mlipuko. Chumvi ile ile, katika karne iliyofuata, ndiyo iliyozipa fashifashi rangi. Kabla yake mafundi wa Ulaya hawakuwa na mengi zaidi ya dhahabu na nyeupe ya cheche. Baada yake ukaja wekundu wa strontiamu, ukijani wa bariamu, na samawati ya shaba.

Samawati ndiyo inayowatesa mafundi hadi leo. Kile kinachotoa rangi hiyo, muungano wa shaba na klorini, huvunjika moto ukizidi, na moto ukipungua hakiangazi vya kutosha. Fundi hutafuta mizani kati ya viwili hivyo miezi na miaka, kwa ajili ya rangi itakayodumu angani kiasi cha mtu kuvuta pumzi moja. Yeyote aliyewahi kukesha akitafuta kina kimoja cha ubeti hatamcheka. Usiku wa Diwali au wa mwaka mpya, fashifashi zinapopaa juu ya mji wa pwani na watu wakashangilia dhahabu na nyekundu, inafaa kuitazama ile ya samawati, na kuona kama imetoka kweli au imefifia ikawa kijivu. Aghalabu imefifia.

Upo ushahidi wa mwingine, aliyekuwa mkemia kwa kazi na mwandishi kwa hatima: Primo Levi wa Turin, aliyezaliwa mwaka 1919. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 ambacho kila sura ina jina la elementi, anasimulia jinsi yeye na rafiki yake, wote wavulana wa miaka kumi na sita, walivyoingia katika maabara ndogo ya kaka wa rafiki yule wakati mwenyewe hayupo. Walipitisha umeme katika maji wakakusanya gesi mbili katika vyombo viwili. Rafiki akatilia shaka: nani ajuaye kama hiyo ni haidrojeni? Levi akachukua chombo, akakielekeza mdomo chini, akawasha kijiti cha kiberiti. Chombo kilipasuka, mkononi mwake kikabaki kipande cha kitako tu. Miguu ilimtetemeka. Pamoja na hofu alihisi fahari fulani ya kipumbavu, maana alichokisema kilikuwa kweli, na ilikuwa haidrojeni, ile ile inayowaka ndani ya jua.

Mwaka 1944 Levi alikuwa mfungwa Auschwitz, na kemia ndiyo iliyomwingiza katika maabara ya kiwanda cha hapo, mahali penye joto katika baridi ya kuua. Aliiba alichoweza ili abadilishe kwa mkate. Siku moja aliona chupa yenye vijiti vya kijivu kama arobaini, visivyo na kibandiko. Alikwaruza kimoja kwa kisu, kikatoa cheche. Ilikuwa seriamu iliyochanganywa na chuma, kitu ambacho hutengenezewa vijiwe vya viberiti vya mfukoni. Yeye na rafiki yake Alberto walivikwangua usiku chini ya blanketi, kwa hofu ya cheche zenyewe, hadi vikawa vyembamba kiasi cha kuingia katika kiberiti. Kijiwe kimoja kilikuwa na thamani ya posho ya mkate ya siku moja. Vilitoka vijiwe mia moja na ishirini: miezi miwili ya uhai kwa Levi na miezi miwili kwa Alberto. Levi alifikiwa na jeshi la Urusi mwezi Januari 1945. Alberto alikuwa ameondoshwa katika msafara wa mwisho wa wafungwa, na hakurudi.

Sacks, kwa upande wake, aliiacha maabara alipokuwa kijana. Mwenyewe hakujua vizuri kwa nini. Pengine masomo ya shule yaliifanya kemia kuwa kazi, pengine mwili ulikuwa umeanza kumdai mambo mengine. Akawa daktari, akaishi New York, akaandika juu ya wagonjwa ambao akili zao ziliyumba kwa njia nyingi. Mapenzi yale yalirudi uzeeni. Alijizoesha kuhesabu miaka yake kwa elementi, na kuzikusanya mezani kwake kwa mpangilio wake: miaka 80 ni zebaki, 81 ni thaliamu, 82 ni risasi. Mwezi Julai 2015, saratani ikiwa imekwisha kuenea ini lake, aliandika gazetini juu ya meza hiyo. Thaliamu aliletewa na marafiki. Risasi ilikuwa ya mwaka wake mpya. Bismathi, elementi ya 83, nayo ilikuwepo tayari, ingawa alisema hadhani kama ataifikia siku yake. Alikufa tarehe 30 Agosti 2015.

Upande mwingine wa meza ile, mbali na risasi, aliweka kipande cha beriliamu, elementi ya 4. Mwaka aliokuwa na miaka minne ulikuwa 1937. Alikuwa bado nyumbani, na Michael pia.