Nyari na Tairi la Nyuma

Atokaye Malindi kuelekea kaskazini huvuka daraja la Mto Sabaki, mto ule ule ambao huko juu huitwa Galana, na juu zaidi Athi. Mbele kidogo ni Mambrui, mji wa kale wenye kaburi la nguzo lililopambwa kwa vyombo vya Kichina. Tulitua hapo kwa sala ya Alasiri, kisha tukaipa bahari mgongo na kuingia bara, watu sita kwa pikipiki tatu, kwenda kupiga kambi Marafa. Kwa kuifuata sunna tulikuwa tumemteua mmoja wetu awe amiri wa safari, naye alikuwa mdogo wetu kwa umri.

Wagiriama hupaita Nyari, yaani mahali palipobomoka penyewe. Mvua na upepo vimeuchonga mchanga ulioshikamana ukawa minara na kuta, nyingine nyeupe, nyingine za waridi, nyingine nyekundu kama matofali, na jua linapokaribia kuchwa bonde zima huwaka. Wenyeji husimulia kuwa palikuwa na jamaa matajiri wa ng'ombe waliokuwa wakioga maziwa, Mungu akawaghadhibikia, ardhi ikawameza: weupe ule ni maziwa yao na wekundu ni damu. Hatuyasimulii haya kama itikadi. Lakini atakaye kuwafundisha watoto habari za israfu hatapata baraza bora kuliko ukingo ule.

Usiku tulisali jamaa mbele ya mahema. Sisi tuliotoka Mombasa tulipunguza Isha. Wawili waliojiunga nasi Malindi, ambao safari yao haikufika marhala mbili, walisimama baada ya salamu wakakamilisha rakaa zao nne. Ndipo amiri alipochukua tochi akazikagua pikipiki. Tairi la nyuma la mmoja wa wale wawili lilikuwa limelika hata nyuzi zimechomoza kama pindo la kanga iliyochakaa.

Mwenyewe, kijana wa bodaboda tuliyemfundisha alifu zamani, alisema, "Sheikh, hili litafika mwisho wa mwezi, inshallah."

Amiri akamwuliza, "Ndugu yangu, Jumatatu asubuhi unampakia nani?"

Kijana akainama. Jumatatu huwapeleka shule watoto wa jirani, na juma lile lile alikuwa ampeleke kliniki mkewe, mja mzito wa miezi saba. Kila mtoto wa madrasa anaijua habari ya bedui na ngamia wake asiyefungwa. Haikuhitaji kusomwa tena. Amiri akaamua kuwa pikipiki ile haiondoki Marafa na tairi lile, na fedha za mbuzi ndizo zitakazonunua jingine. Nasi, pamoja na mvi zetu, tulikuwa chini ya amri yake. Tulikula wali kwa mbaazi za nazi, na ulikuwa mtamu.

Baada ya Alfajiri wawili walirudi Malindi, wakaja na tairi la 3.00-17, kipimo kile kile kilichoandikwa ubavuni mwa lile la zamani. Kina mama watusomao na watazame ubavu huo huo: zipo tarakimu nne zilizofungiwa pamoja. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1224 ni wiki ya 12 ya mwaka 2024. Tairi laweza kuwa halijapanda njia na likawa limekwisha kuzeeka dukani. Abiria ana haki ya kuinama akatazama kabla ya kumpakia mwanawe, wala si utovu wa adabu.

Pikipiki ilisimamishwa kwa stendi kubwa, breki ikalegezwa, nati ikafunguliwa, cheni ikavuliwa, gurudumu likatoka. Upepo ulipotolewa, tairi lilibanduliwa ukingo kwa vyuma viwili bapa. Kijana alipitisha vidole ndani ya ringi taratibu akitafuta miiba, maana mwiba uliosahauliwa hula tyubu mpya siku ile ile. Mshale wa tairi ukaelekezwa upande wa mwendo, tyubu ikapulizwa kidogo isibanwe, ukingo ukapakwa maji ya sabuni. Huanzwa upande ulio mbali na vali, na penye vali huwa mwisho. Mafundi wa haraka hawayajali haya, na ndiyo sababu ya pancha za kesho yake.

Kijana alitaka kulifunga tairi kuukuu nyuma ya mzigo, liwe la akiba. Amiri akalikata kwa kisu, asije mwingine akalivika.

Tuliondoka baada ya Adhuhuri, mwendo wa pole, kwani tairi jipya huteleza mpaka njia ilikwaruze. Kijana mbele, sisi nyuma yake.