RNA Pete: Istilahi Moja na Maradhi ya Shangazi

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi huzihesabu istilahi za sayansi kuwa shamba la wengine. TUKI ilitutolea Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, nasi tukarejea kwenye vina na mizani. Mwaka huu nimelazimika kuuvuka mpaka huo. Shangazi yangu anaugua saratani ya mapafu, na ripoti ya maabara aliyokabidhiwa ilikuwa ya Kiingereza kitupu.

Shangazi hajapata kuvuta sigara, na kinachomwudhi kuliko maradhi yenyewe ni watu kumdadisi juu ya sigara. Ripoti ilitaja muungano wa jeni mbili, EML4 na ALK, uliogunduliwa Japani mwaka 2007, ambao huonekana zaidi kwa wagonjwa wasiovuta. Kipande cha kromosomu ya 2 hukatika, kikapinduka, kisha kikaungwa upya. Jeni zilizokuwa mbalimbali huwa moja, na protini itokanayo nayo huiamrisha seli igawanyike bila kukoma.

Hayo aliyaelewa. Ugumu ulitokea niliposoma kwamba muungano huo huzaa pia RNA ya umbo jingine. RNA ni nakala ya maagizo ya jeni, na kwa kawaida ni uzi wenye ncha mbili. Seli hukata vipande isivyovihitaji na kuviunga vilivyosalia kwa mfuatano. Lakini mara nyingine mwisho wa kipande hurudi nyuma ukaungwa na mwanzo wa kipande kilichotangulia. Msomaji alijuaye shairi la pindu na awaze pindu ambalo ubeti wake wa mwisho unaurejelea ule wa kwanza. Vimeng'enya vitafunavyo RNA kuanzia nchani havipati pa kuanzia, hivyo RNA hiyo hudumu.

Na haidumu bure. Mwaka 2013 ilibainika kuwa mojawapo, ciRS-7, ina zaidi ya sehemu 70 za kunasia RNA ndogo iitwayo miR-7. Hiyo miR-7 ndiyo huidhibiti EGFR, protini inayochochea ukuaji wa seli. Ikinaswa, hatamu hulegea. Mwaka 2018 watafiti wa China walieleza RNA za aina hii zitokanazo na EML4-ALK: moja ilizisaidia seli za saratani kuhama, nyingine ilionekana katika plazma ya wagonjwa.

Tuziiteje? Wapo watakaopendekeza "RNA mviringo". Siafiki: hata chungwa ni la mviringo, wala halina tundu. "Duara" ni afadhali, ila laweza kuwa limejaa. Nimechagua "RNA pete", maana pete ina uwazi, haina ncha, na Shangazi alikuwa nayo kidoleni. Aliizungusha polepole, akitafuta inapoanzia.

"Basi hiyo pete ndiyo dawa inayoikata, mwanangu?"

"La, Shangazi. Dawa za ugonjwa wako huizuia ile protini ya ALK. Ya kwanza, krizotinibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Pete ingali inachunguzwa. Huenda ikawa alama ya kutafutwa katika damu."

Alinyamaza kitambo, kisha akaniagiza nimwandikie, kwa Kiswahili, maswali matatu ya kumwuliza daktari. La kwanza lilikuwa bei ya dawa.