Uzi, Rula na Kipande cha Kioo

Najua kwamba wengi wenu mkisikia neno gofu mtageuza ukurasa upesi kutafuta habari za kandanda. Mtasema kwamba gofu ni mchezo wa wenye magari, si wa wanafunzi wanaotoka Buyenzi na Kamenge kwa miguu. Nawaomba mnivumilie kidogo. Habari nitakayowaeleza ni ya gofu, lakini inamhusu kila mtu ajifunzaye kazi ya mikono, awe seremala, mshonaji au mpiga kinanda.

Mjomba wangu ni mchukuzi wa fimbo katika uwanja wa gofu wa hapa Bujumbura. Kazi yake ni kubeba mfuko wa fimbo za mchezaji, kutafuta mpira uliopotea majanini, na kumshauri mchezaji apige kuelekea wapi. Wakati wa likizo kubwa nami humfuata nikabeba mifuko, ili nipate fedha za madaftari na sare. Siku ambazo wenye uwanja hawachezi, wachukuzi huruhusiwa kucheza wao, na mara moja kwa mwaka hushindana wenyewe kwa wenyewe. Zawadi ya mshindi hutosha kulipa ada ya mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Kwa mjomba, mwenye watoto watano, jambo hilo si mchezo hata kidogo.

Kwanza nieleze ugumu ulipo. Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18, na viwanja vingi vimewekewa hesabu ya mipigo 72. Katika hesabu hiyo kila shimo limetengewa mipigo miwili ya mwisho, ya kuusukuma mpira polepole juu ya majani yaliyokatwa mafupi kama zulia, mahali paitwapo grini. Mbili mara 18 ni 36, yaani nusu ya mipigo yote. Mtu aweza kuurusha mpira mita 200 hata watazamaji wakapiga makofi, kisha akakosa kuuingiza shimoni kutoka mita 1. Katika karatasi ya hesabu mipigo hiyo miwili ni sawasawa.

Tena shimo lenyewe ni dogo. Kipenyo chake ni milimita 108, na kipenyo cha mpira hakipungui milimita 42.67. Siku moja nilichukua kalamu nikafanya hesabu ya pembe kama tulivyofundishwa darasani. Mpira ukiondoka na kosa la digrii 1 tu, ukifika mita 3 utakuwa umekengeuka kwa milimita 52 hivi. Nusu ya shimo ni milimita 54. Basi digrii 1, ambayo jicho la mtu haliioni, inatosha kuufikisha mpira ukingoni mwa shimo.

Kwamba mpigo mmoja waweza kubadili maisha ya mtu, wenzetu wa Kenya wanajua. Mashindano yao makubwa, Kenya Open, yalianza mwaka 1967. Mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello alimaliza sawa na Ricardo González wa Argentina, wakaenda kwenye mchezo wa ziada, na González akashinda. Tangu 1967 hata 2025 hakuna Mkenya aliyelitwaa kombe hilo. Na yule alilikosa kwa upana wa unywele.

Mjomba naye alikuwa na ugonjwa wake. Mipira ya mbali aliipiga vizuri kuliko wachukuzi wengi, lakini ile ya mita 1 au 2 ilipita kuume kwa shimo. Mwaka juzi alikosa minne ya namna hiyo katika mashindano, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wenzake walimwambia ni woga. Wengine walimwambia abadili fimbo. Kila mtu alikuwa na dawa yake, wala hakuna aliyeupima ugonjwa.

Baadaye mchezaji mmoja alileta kutoka Ulaya kifaa cha kujifunzia. Kilikuwa kioo bapa chenye mistari, ambacho huwekwa chini, na mchezaji husimama juu yake akaona macho yake na mabega yake yako wapi. Bei yake ilizidi mshahara wa mjomba wa mwezi. Mjomba alikishika, akakigeuza huku na huku, kisha akanicheka kwa kuwa nilikuwa nimekodoa macho. Akasema, "Mpwa wangu, hiki ni kioo tu. Kioo si tunacho?"

Basi tukaanza kazi. Nyuma ya nyumba tulishindilia ardhi mpaka ikawa sawa, tukatandika kipande cha zulia kuukuu. Kwa mafundi wa magari wa Buyenzi tulipata misumari na kipande cha kioo kilichovunjika, tukakisugua kingo zake kisikate mtu. Kwa wavuvi wa ziwani tuliomba pima mbili za mshipi. Nami nikatoa rula ya mbao ya mita 1.

Kioo ndicho kilichosema kwanza. Nilichora mstari katikati yake kwa wino, tukauweka mpira juu ya mstari, mjomba akasimama kama kawaida yake. Macho yake yalikuwa yamepita ng'ambo ya mpira kwa upana wa vidole viwili. Kwa hiyo mstari aliouona yeye umenyooka kwenda shimoni ulikuwa umepinda. Alinyamaza kitambo, akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikilenga vizuri mahali pasipo shimo."

Wa pili ulikuwa mshipi. Tuliukaza baina ya misumari miwili, juu ya mpira, kutoka nyuma ya mpira mpaka shimoni. Mchezaji akiinama huona mpira na shimo chini ya uzi mmoja, na jicho huzoea kuujua mstari wa kweli.

Ya tatu ilikuwa rula. Mpira huwekwa mwanzoni mwake, nao hauna budi kuviringika mpaka mwisho bila kuanguka pembeni. Jambo hili huonekana jepesi mpaka ulijaribu. Mpira huelekea zaidi uliko uso wa fimbo wakati wa kugusana, kuliko njia iliyopitwa na fimbo yenyewe. Uso ukigeuka kidogo tu, mpira huanguka kabla ya kumaliza mita.

Wa nne ulikuwa mlango. Tulipigilia misumari miwili katika kibao, nafasi baina yake milimita 50, tukakiweka nusu mita mbele ya mpira. Mpira ukipita bila kugusa msumari, hesabu yaonyesha kwamba kufika mita 3 hautakengeuka hata sentimita 2.5, maadamu uwanja ni tambarare. Msumari ukiguswa hulia, na mlio ule hauna upendeleo. Rafiki aweza kukusifu kwa kuwa akupenda, lakini msumari hausifu mtu.

Kuhusu nguvu ya mpigo, zulia halikufaa, maana majani ya grini yana wepesi wake. Huko tulitumia kijiti. Dave Pelz, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa fizikia katika NASA kabla ya kuwa mwalimu wa gofu, alipima akaona kwamba mwendo ufaao ni ule ambao mpira ukilikosa shimo husimama sentimita 43 hivi mbele yake. Mpira wendao mbio huruka shimo, na mpira mvivu hupotoshwa na kila jani. Basi tuliweka kijiti sentimita 43 nyuma ya shimo, na mjomba akajifunza kutokukivuka.

Sasa nafika kwenye neno ninalotaka mlishike zaidi. Sheria za gofu zinazotumika tangu mwaka 2019 zinakataza kutumia vifaa vya kujifunzia wakati wa mashindano. Huruhusiwi kuweka kitu chochote chini kikuonyeshe mstari. Hata mchukuzi wako hana ruhusa ya kusimama nyuma yako kwenye mstari unapoanza kujiweka tayari. Adhabu ni mipigo miwili, na ukirudia kutumia kifaa waweza kutolewa mchezoni. Siku ya hukumu utakuwa peke yako na mpira.

Kwa sababu hiyo mjomba aliweka sheria yake mwenyewe: mipira kumi kwa kifaa, mipira kumi bila kifaa. Kijana mmoja wa jirani alipenda kusukuma mpira juu ya rula mchana kutwa, naye aliifaulu sana. Alipoondolewa rula akawa kama mtu aliyenyang'anywa mkongojo. Wataalamu watatu, Salmoni, Schmidt na Walter, waliandika mwaka 1984 kwamba mwanafunzi anayesahihishwa kila mara huitegemea sahihisho ile, nayo ikikosekana hufanya vibaya. Mjomba hajasoma makala yao, lakini alilijua jambo lenyewe. Mtoto wa darasa la kwanza huandika baina ya mistari miwili ili herufi zake zikae sawa, na lengo la mistari ni kwamba siku moja aandike barua kwenye karatasi nyeupe.

Mashindano ya mwaka jana yalipofika, mshipi ulibaki umefungwa msumarini nyumbani. Nilimbebea mjomba mfuko. Katika mashimo 18 alikosa mpira mmoja tu wa karibu, na shimo la mwisho aliuingiza kutoka mita 1 na nusu bila kutetemeka. Hakuwa wa kwanza. Alizidiwa kwa mpigo mmoja na kijana mwenye nguvu kuliko yeye. Zawadi ya pili ilikuwa ndogo, lakini ililipa ada ya muhula wa binti yake wa tatu, ambaye alikuwa amekwisha ambiwa akae nyumbani. Siku ya Jumatatu alivaa sare akaenda.

Wenzangu, wako watu wasemao kwamba tumeshindwa kwa sababu hatuna vifaa vya Ulaya. Wako pia wenye vifaa vyote ambao hawasogei hatua. Nami naona kwamba kifaa chema, cha bei au cha bure, kina kazi mbili: kukuambia kweli juu ya mkono wako, kisha kukuacha uende. Ukitaka kukijua kama kimekufaa, kiweke kando ujipime. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Chombo kikiwa pwani huwekewa magogo ya kukitegemeza mpaka fundi amalize kazi yake. Lakini siku ya kushuka majini magogo hubaki mchangani.