Nasaha kwa Mpwa Wangu Juu ya Kuunganisha Seva

Mpwa wangu mpenzi,

Waraka wako umewasili na yaliyomo nimeyafahamu. Wasema chama chenu cha akiba na mikopo kimekukalifisha kuunganisha seva ziwe kundi moja, nawe umeshindwa kukata shauri baina ya njia nyingi unazoelezwa na wauzaji.

Kwanza, tenga haja mbili ambazo wengi huzichanganya: kugawana mzigo ni jambo moja, na kushika kazi ya mwenzio aliyeanguka ni jambo jingine. Mtu akinunua seva mbili, akazitumikisha zote kwa asilimia 60 ya nguvu zao, akalala akidhani amejikinga, amejidanganya; kwa maana siku moja itakapozimika, iliyobaki itatwikwa asilimia 120, nayo itamfuata mwenziwe. Zikiwa mbili, kila moja isipindukie nusu.

Kwa seva za tovuti, zisizohifadhi kitu, kazi ni nyepesi: zote zifanye kazi kwa pamoja, na mbele yake weka mgawaji, mfano wa HAProxy, programu iliyotungwa na Willy Tarreau na inayotumika tangu mwaka 2001, agawe maombi kwa zamu au ampelekee mwenye shughuli chache. Ila mgawaji naye asiwe pekee, bali wawe wawili wenye anwani moja, mmoja akianguka wa pili aichukue papo hapo. Na anapozijulia hali seva asiridhike kwa kuitikiwa tu, kwani seva huweza kuitika ilhali hifadhidata iliyo nyuma yake haifikiki. Aulize swali lisilojibika ila kwa kusoma hifadhidata yenyewe.

Taabu hasa iko kwenye hiyo hifadhidata, ambamo mna amana za watu. Seva ikinyamaza, kunyamaza kwake si dalili tosha ya mauti, kwa sababu huenda ni waya tu uliokatika; na kama vile kadhi asivyogawa mirathi ya aliyepotea kwa dhana, ndivyo seva ya pili isivyostahiki kurithi kabla ya kuthibiti kwamba ya kwanza haiandiki tena. Kwa hivyo pawe na akidi. Seva mbili zikifarakana, hapana wa kuamua. Zikiwa tatu, wawili hukata shauri, na huyo wa tatu aweza kuwa kompyuta ndogo ya kupiga kura tu, mradi asitegemee swichi wala umeme wa wenziwe. Usihadaike ukaongeza ya nne, kwani wingi wa nne ni watatu, na ustahimilivu wako ni ule ule wa kupoteza mmoja. Kisha mrithi, kabla ya kushika hatamu, aukate umeme wa aliyemtangulia, zisije zikaandika zote mbili.

Hata akidi peke yake haitoshi. Tarehe 21 Oktoba 2018, huko Marekani, mafundi wa GitHub, huduma ya kuhifadhia msimbo wa programu, walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao, mawasiliano ya kituo chao cha pwani ya mashariki yakakatika kwa sekunde 43. Programu yao ikapata akidi, ikauhamishia uongozi wa hifadhidata pwani ya magharibi, na kumbe mashariki kulikuwa na maandishi ambayo hayajawahi kufika huko. Huduma hazikutengenea mpaka saa 24 na dakika 11 zilipopita. Wapiga kura hawakukosekana. Kilichokosekana ni nakala iliyotimia.

Basi rai yangu ni hii: hifadhidata iwe na mwandishi mmoja na mrithi anayengoja, wala mwanachama asiambiwe fedha zake zimepokewa mpaka mrithi naye awe ameandika. Utaambiwa hivyo ni kuchelewesha, na ni kweli; lakini kwa chama cha akiba, sekunde chache za kungoja ni nafuu kuliko shilingi isiyojulikana ilipo. Lau kazi yenu ingekuwa kuonyesha picha na habari, ningekuambia kinyume chake.

Mwisho, usikubali kupokea mradi huu kwa wauzaji kabla hujaichomoa seva kuu umeme mchana, mbele ya meneja na mhasibu, mkahesabu dakika, mkalinganisha hesabu za kabla na za baada. Rudieni hivyo kila baada ya miezi michache, maana mitambo hubadilishwa na watu huhama.

Nisalimie dada yangu, mama yako, na wote nyumbani.

Wasalaam,
Mjomba wako