Ufagio wa Mwanza

Kipo kisa kinachosimuliwa sana na wanaoandika juu ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa maaskari wa Kiafrika waliokuwa bado hai mishahara waliyokuwa wakilidai jeshi la Kijerumani tangu 1918. Ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza, wakaja wazee wapatao 350. Wachache walikuwa na hati walizoandikiwa zama zile. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, na waliosalia hawakuwa na kitu ila maneno yao. Ndipo, yasimuliwa, afisa wa benki aliyetumwa kulipa alipopata shauri. Akawa anamwita mzee mmoja mmoja, anampa ufagio, anamwamrisha kwa Kijerumani aushike kama bunduki, auweke begani, aushushe. Hapana hata mmoja aliyekosea.

Kisa hicho husimuliwa kama sifa ya uaminifu wa askari na ya mwili usiosahau ulichofundishwa. Si vibaya kukisifu. Lakini katika vita hivyo waliobeba mizigo walikuwa wengi mno kuliko waliobeba bunduki, na jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, lingali linawataja kila siku katika vinywa vya watu wasiojua kwamba wanawataja. Mpagazi wa upande wa Wajerumani, lau angefika Mwanza siku ile, angepewa ufagio afanye nao nini? Hakufundishwa gwaride. Ushahidi wake ulikuwa mgongo, na mgongo hauitiki amri ya Kijerumani. Tena, mzee ambaye baridi yabisi ingemtetemesha mkono, ufagio ukaanguka, angekwenda kumlalamikia nani? Afisa yule alikuwa mwema, na wema wake ndio uliowalipa wale wazee. Lakini kinachotegemea wema wa mtu mmoja ni hisani. Haki huanzia pale aliyekataliwa anapokuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Tofauti hiyo ya haki na hisani imegombewa kwa muda mrefu nchini Marekani, na kwa kuwa ugomvi wenyewe umeandikwa katika sheria, unaweza kufuatwa mwaka kwa mwaka. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1862, Kongresi iliweka pensheni kwa walioumia na kwa wajane wa waliouawa. Ikaweka pia ukomo wa ujira ambao wakala au wakili angeweza kumtoza mdai: dola 5, zikafanywa 10 mwaka 1864. Sababu ilikuwa njema, kwani wajanja walikuwa wakiwazengea wajane kama kunguru wanavyozengea jaa. Ila dola 10 zile ndizo zilizokuwa bado ukomo miaka mingi baadaye. Kadiri miaka ilivyopita, kilichokuwa ngao ya mdai kikawa kizuizi chake, maana hapana wakili wa kufanya kazi ya miezi mingi kwa bei ya mlo mmoja wa mkahawani.

Kizuizi kikubwa zaidi kilikuja mwaka 1933, na namna kilivyokuja yafaa kutazamwa kwa makini. Mwaka uliotangulia, maelfu ya maaskari waliopigana Ulaya, wengi wao bila kazi, walikwenda Washington pamoja na wake na watoto kudai malipo waliyoahidiwa kwa sheria ya 1924, ambayo yangetolewa mwaka 1945. Walipiga kambi kando ya mto Anacostia. Tarehe 28 Julai 1932 jeshi likiongozwa na Jenerali Douglas MacArthur liliwatimua, na vibanda vyao vikateketea kwa moto. Rais Hoover akashindwa katika uchaguzi uliofuata. Wengi waliona nafuu kumpata Franklin Roosevelt, na katika mambo mengi walipata. Lakini tarehe 20 Machi 1933, siku 16 tu tangu kuapishwa, Roosevelt alitia saini sheria ya kubana matumizi ya serikali, na waliobanwa kuliko wote walikuwa maaskari wa zamani. Wagonjwa wa kifua kikuu na wa maradhi ya akili, ambao hadi siku ile sheria iliwakubalia kwamba ugonjwa wao ulitokana na utumishi pasipo kuwadai ushahidi wa mtu mmoja mmoja, waliondolewa kinga hiyo.

Nchi ilikuwa katika dhiki, mabenki yamefungwa, na hapana haja ya kumdhania Roosevelt ukatili. Jambo la kustaajabisha ni kwamba sheria iliyopunguza pesa ndiyo hiyohiyo iliyofunga mlango wa malalamiko. Kifungu chake cha 5 kilitamka kwamba uamuzi wa mkuu wa idara ya maaskari wa zamani ungekuwa wa mwisho, katika sheria na katika ukweli wa mambo, na kwamba hapana mahakama yoyote ya nchi ingekuwa na uwezo wa kuupitia. Badala yake iliundwa Bodi ya Rufaa ndani ya idara ileile. Amri ya kuiunda ilitoka tarehe 28 Julai 1933, mwaka mmoja kamili tangu vibanda vya Anacostia kuchomwa. Pengine hapana aliyekusudia tarehe hizo zikutane. Mwaka 1934 Kongresi ilimshinda rais kwa kura, ikairudisha sehemu ya pesa. Mlango wa mahakama haikuurudisha. Ulibaki umefungwa miaka 55.

Ndani ya miaka hiyo walipita waliorudi kutoka Pasifiki, Korea na Vietnam. Walipita pia maaskari waliosimamishwa kutazama majaribio ya mabomu ya nyuklia, na waliotumwa Hiroshima na Nagasaki baada ya Japani kusalimu amri. Mnururisho hauachi kovu linaloonekana, na saratani huja miaka 20 au 30 baadaye. Hawa ndio wapagazi wa kisa cha Mwanza, watu wasio na gwaride la kuonyesha. Chama chao kilifika hadi Mahakama ya Juu kikisema kwamba dai gumu kama hilo haliwezi kutetewa pasipo wakili, na kwamba dola 10 za 1864 zinamnyima askari wakili. Mwaka 1985 walishindwa. Majaji walio wengi waliona kwamba utaratibu wa idara ni wa upole, usio wa kushindana, na kwamba mawakili wangeuharibu. Ni hoja ya kheri, na ndiyo hasa hoja ya hisani: usilete mtetezi, kwa sababu anayekuamua anakupenda.

Kongresi ilitengua mambo hayo miaka 3 baadaye. Sheria ya Novemba 1988 iliunda mahakama maalumu ya kusikiliza rufaa za maaskari wa zamani, ikaanza kazi 1989, na ukomo wa dola 10 ukalegezwa. Mwaka huohuo 1988 mshairi Yusef Komunyakaa, mzaliwa wa Bogalusa, Louisiana, aliyetumikia Vietnam, alitoa diwani yake *Dien Cai Dau*. Shairi la mwisho la diwani hiyo linamweka mtu mweusi mbele ya ukuta wa mawe meusi ulioko Washington, wenye majina zaidi ya 58,000 ya waliokufa katika vita vile, naye anajiona mwenyewe ndani ya jiwe. Wapenzi wa ushairi wanaweza kulisoma shairi hilo sambamba na sheria ile bila kuona kwamba wametoka katika jambo moja na kuingia jingine. Ukuta una sharti lake la kuingia. Aliyerudi nyumbani akafa miaka mingi baadaye kwa saratani iliyoletwa na dawa ya kuua majani iliyomwagwa misituni Vietnam, jina lake halichongwi. Mwaka 2004 liliwekwa karibu na hapo bamba la kuwakumbuka hao waliokufa baadaye, nalo halina jina hata moja. Majina yao yamo katika majalada ya madai. Sheria ya 1991 iliwakubalia wengi wao kwamba maradhi yao yanahesabiwa kuwa yametokana na vita, na sheria ya Agosti 2022 ikalipanua kubaliano hilo hadi kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraki na Afghanistani.

Isidhaniwe basi kwamba kila mageuzi ni adui. Utaratibu wa rufaa uliokuwapo hadi 2019 ulikuwa umezama. Mtu aliweza kungoja miaka mingi, jalada likipanda na kushuka baina ya ofisi na bodi. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2017 na kuanza kutumika Februari 2019 ilimpa mdai njia 3: afisa wa ngazi ya juu aupitie uamuzi bila ushahidi mpya, au mdai alete ushahidi mpya, au aende moja kwa moja kwenye Bodi. Tena, akifuatilia ndani ya mwaka 1, haipotezi tarehe yake ya mwanzo, na tarehe hiyo ndiyo inayohesabu pesa anazostahili kulipwa za nyuma. Hayo yalikuwa mageuzi yaliyofungua.

Mwaka uliofuata yalikuja mengine, katika matibabu. Sheria ya Juni 2018 ilimruhusu askari wa zamani kutibiwa na daktari wa nje kwa gharama ya serikali endapo hospitali za idara ziko mbali au zinakawia. Vipimo vikawekwa: kwa daktari wa kawaida, safari ya gari ya wastani wa dakika 30 au kungoja siku 20, kwa bingwa, dakika 60 au siku 28. Ni neema, hasa kwa anayeishi shamba. Lakini ndani ya sheria hiyo kuna sentensi isiyosomwa na wengi: atakayeambiwa hastahili kupelekwa nje anaweza kulalamika kwa utaratibu wa ndani wa hospitali, na uamuzi huo haupelekwi kwenye Bodi ya Rufaa. Kwa jambo hili moja, anayekataa na anayesikiliza malalamiko ni wa nyumba moja. Hatari ya namna hii ni ngumu kuiona, kwa sababu imekuja mkono mmoja na zawadi. Sheria ya 1933 ilikuja na kisu, watu wakapiga kelele. Hii ilikuja na tiba, na vyama vingi vya maaskari viliiunga mkono.

Tena rufaa hudhoofika hata pasipo kuguswa sheria. Mwezi Machi 2025 ulijulikana waraka wa ndani wa idara uliokusudia kupunguza wafanyakazi wapatao 80,000. Julai mwaka huohuo idara ilitangaza kuachana na azma hiyo, ikasema wangepungua karibu 30,000 kwa kustaafu na kuondoka wenyewe. Wakubwa walisema huduma haitaguswa. Huenda. Lakini jalada la rufaa hufunguliwa na mtu, na daktari anayeandika kwamba saratani hii ni ya moshi ule naye ni mtu, na mzee wa miaka 78 aliyepewa mwaka 1 wa kujibu hana njia ya kuwarefushia siku wale wanaomngojesha.

Wengi hufa wakingoja. Hadi mwaka 2008, askari alipofariki katikati ya rufaa, rufaa ilikufa naye, na mjane alilazimika kuanza dai lake mwenyewe upya. Sheria ya Oktoba mwaka huo iliruhusu mrithi anayestahiki kuingia katika nafasi ya marehemu na kuendelea pale alipofikia, kwa jalada lilelile. Sharti aombe kabla ya kutimia mwaka 1 tangu siku ya kifo. Mjane wa pwani hukaa eda miezi 4 na siku 10, na katika siku hizo watu hawamtarajii aingie ofisi za watu. Mjane wa askari, huko Ohio au Louisiana, anafungua droo kutafuta cheti cha ndoa, cheti cha kifo, na ile barua ya mwisho aliyoandikiwa mumewe, iliyosema kwamba ushahidi wake haukutosha.