Paka na sanduku la mchanga

Usiku tunafunga nyumba. Kwa hiyo paka wetu alizoea kwenda haja katika sanduku la mchanga. Masika yalipofika aliacha desturi ile, akachafua mkeka wa watoto. Nikampiga fimbo, kama nilivyopigwa mimi shuleni. Basi akawa anajificha, na uchafu ukazidi. Mama mkwe akasema atupwe. Lakini mahindi yetu nani angeyalinda na panya?

Ndipo nikainama kulinusa lile sanduku. Kumbe mchanga ulilowa, na siku nne haukubadilishwa! Mke wangu ni mjamzito, hapaswi kugusa kinyesi cha paka, maana huweza kuwa na vijidudu vya kumdhuru mtoto tumboni. Kazi ilikuwa yangu, nami nilifanya uvivu.

Nikaosha sanduku kwa sabuni na maji ya moto, nikatia mchanga mkavu, nikaliweka mbali na chakula chake. Mkeka nao tukausugua sana, kwani harufu humrudisha palepale. Kinyesi nikakiondoa kila asubuhi: vijidudu vile huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza.

Siku ya sita nilikuta mchanga umefukuliwa. Ila mimi paka hunikimbia hata leo.