Elfu Sitini ya Binti wa Kazi

Amri ya Mishahara ya mwaka 2022 ilianza kutumika Januari 1, 2023, na tangu siku hiyo waumini wengi wanaoingia ofisini kwetu baada ya swala ya Ijumaa huja na swali moja, nalo linamhusu binti wa kazi. Kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake, ambacho tangu Julai 2013 kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, mwaka huo wa 2023 kilipanda hadi shilingi 60,000. Nyongeza hiyo ikigawanywa kwa siku thelathini haifiki shilingi 700 kwa siku. Hata hivyo, kwa manung'uniko tuliyoyasikia hapa Mbeya, mgeni angedhani kwamba imerudi kodi ya kichwa.

Hoja inayorudiwa ni hii: "Katibu, huyu anakula kwetu, analala kwetu, sabuni yetu, akiugua tunamtibu sisi. Elfu sitini ya nini tena?" Tumeipima hoja hiyo, na jibu lake limo ndani ya amri yenyewe. Mfanyakazi wa ndani wa kawaida asiyelala kwa mwajiri aliwekewa humo shilingi 120,000. Kazi ni ile ile ya kufua, kupika na kulea. Hatuoni tofauti nyingine baina ya wawili hao ila chumba na sahani ya chakula. Basi huyu anayelala kwetu amekwisha kupungukiwa nusu nzima kabla hajaushika mshahara wake. Anayemkata tena kwa ajili ya ugali amemuuzia ugali huo mara mbili. Mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa akifanya hivyo tunamsomea Surat al-Mutaffifin, wala hatujui kwa nini jikoni tusiisome.

Wengi wa mabinti hawa hutoka ng'ambo ya Makambako, katika vijiji vya Mufindi na Kilolo. Mkoa wa Iringa umetoa wafanyakazi wa ndani kwa miji mingi ya nchi hii, Dar es Salaam ikiwemo, hata watu wakalifanya jina la mkoa kuwa kama jina la kazi. Mzaha huo hautupendezi.

Katikati ya Januari alitufikia mzee mmoja kutoka Kilolo, amesafiri kwa basi kutwa nzima. Binti yake alikuwa ametimiza miezi kumi na sita katika nyumba ya muumini mwenzetu, na mshahara wake wote "alikuwa akitunziwa". Mwaka ulipoanza alielezwa kwamba ameongezewa hadi elfu sitini, ila elfu ishirini zitakatwa za chakula. Mzee hakuuliza habari ya nyongeza. Aliuliza zilipo shilingi 640,000 za mwanawe, kwa kuwa mahindi yalikuwa yanangoja mbolea ya kukuzia.

Mwenye nyumba alijibu kwamba fedha zimo dukani, zinazunguka. Imamu akamkumbusha, kwa upole, kisa cha watu watatu waliofungiwa pangoni, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mmoja wao alikuwa na ujira wa kibarua aliyeondoka bila kuuchukua. Akauzalisha hata ukawa makundi ya mifugo, na kibarua aliporejea akamkabidhi yote. Kwa kipimo hicho binti angestahili na faida ya duka. Sisi hatukudai faida. Tulidai mtaji tu, na hata huo haukupatikana kwa mkupuo: shilingi 300,000 zilihesabiwa mkononi mwa binti usiku ule baada ya Isha, na 340,000 zikaandikiwa ahadi ya mwisho wa Februari, mbele ya mashahidi wawili. Makato ya chakula yakafutwa. Binti, alipoulizwa kama anataka kurudi na baba yake, alisema atabaki mpaka amalize kulipwa, kisha ataamua. Mzee aliondoka asubuhi na fedha za mbolea.

Wapo wanaosema kwamba, kuliko kulipa, watawarudisha mabinti makwao. Asiyemudu halazimishwi kuweka mfanyakazi. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali, atoe notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na agharimie safari ya kumrudisha alikomchukua. Sheria hiyo hiyo inataka masharti ya kazi yawe kwa maandishi. Ukitokea mgogoro na maandishi hayapo, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Waliosoma fiqhi hawatashangaa, kwani ijara huhitaji ujira unaojulikana, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana.

Kamati ilianza na watu wake, mlinzi na mfagiaji wa msikiti, ambao mikataba yao imekwisha kutiwa saini. Kwa familia tumechapa mkataba wa ukurasa mmoja: kazi, saa za kazi, siku ya mapumziko, likizo, mshahara na tarehe ya kulipwa. Unapatikana ofisini kila Ijumaa bila malipo. Tunaomba mwajiri aje na binti mwenyewe, ili asomewe kabla ya kutia saini, na kila mmoja aondoke na nakala yake. Shauri litakalotushinda tutalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri, na madai mengine siku 60, kwa hiyo wazazi walioko Iringa wasingoje mpaka baada ya mavuno.